Usitafute "-na-" ya Kicherokee: kitenzi cha wakati uliopo kinavyojengwa

Swali la msomaji: "Mimi ni Mtanzania, naishi Tulsa, Oklahoma, na nimejiunga na darasa la jioni la Kicherokee. Nimekwama kwenye wakati uliopo. Kwa Kiswahili nachukua kitenzi, naweka ni-, u- au a-, halafu -na-, basi, kazi imekwisha. Kwenye Kicherokee sioni '-na-' yao iko wapi. Tena niliambiwa kwamba g- ni 'mimi', kwa hiyo gega ni 'ninakwenda'. Mbona basi gawoniha ni 'anazungumza', wala si 'ninazungumza'? Na mbona 'nataka kahawa' haina g- kabisa?"

Ndugu yangu, umekwama kwa sababu unatafuta kitu ambacho hakipo. Kicherokee, lugha ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, hakina kiambishi kimoja cha wakati uliopo kinachochomekwa kati ya nafsi na mzizi. Habari ya wakati wameiweka mwishoni mwa kitenzi, na sehemu yake kubwa imeyeyukia ndani ya shina lenyewe. Kila kitenzi huja na shina lake la sasa, na huna budi kulijifunza pamoja nacho. Ukilikubali hilo, yale maswali yako mengine mawili yatafunguka kwa urahisi zaidi kuliko unavyodhani, maana sehemu ya nafsi inafanana sana na mambo uliyoyazoea tangu utotoni.

Tuanze na gega, kwa kuwa unayo tayari. Iandike kwa alama zao: ᎨᎦ. Ni alama mbili tu, lakini ndani yake mna vipande vinne. Kuna g-, nafsi ya kwanza umoja. Kuna -e-, mzizi wenye maana ya kwenda. Kuna -g- ya pili, inayosema kwamba tendo liko njiani na halijaisha. Mwisho kuna -a, tamati ya wakati uliopo. G-e-g-a. Sasa tazama vipande hivyo vilivyokaa kwenye maandishi: alama Ꭸ imebeba nafsi pamoja na mzizi, na alama Ꭶ imebeba hali pamoja na tamati. Mpaka kati ya "mimi" na "kwenda" umepita katikati ya alama moja.

Hii inatokana na namna maandishi hayo yalivyobuniwa. Sequoyah, Mcherokee aliyeukamilisha mfumo huo mnamo 1821 bila kuwa amejua kusoma lugha nyingine yoyote, alitoa alama moja kwa kila silabi. Leo zinatumika alama 85. Kwa msomaji anayeijua lugha ni mfumo mwepesi ajabu. Watu waliushika kwa kasi, na kufikia Februari 1828 taifa la Wacherokee lilikuwa na gazeti lake, Cherokee Phoenix, likichapwa New Echota, Georgia, kwa Kicherokee na Kiingereza. Lakini kwa mwanafunzi wa sarufi mfumo huo unaficha mishono. Andika ᎨᎦ, ᎮᎦ, ᎡᎦ, yaani ninakwenda, unakwenda, anakwenda. Jicho linaona alama tatu zisizofanana mwanzoni, na hakuna cha kuliambia kwamba kilichobadilika ni konsonanti peke yake: g-, kisha h-, kisha patupu. Gega, hega, ega. Kwa sababu hiyo nawashauri wanafunzi wote wasome kwa alama za Sequoyah lakini wachambue kwa herufi za Kilatini. Mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza nilikuwa na daftari la safu mbili, na safu ya kulia niliipiga vistari kwa penseli kila mahali kipande kimoja kinapoachana na kingine. Vile vistari ndivyo vilivyonifundisha.

Linganisha na kwetu. Ni-na-kwend-a: nafsi, wakati, mzizi, tamati. G-e-g-a: nafsi, mzizi, hali, tamati. Nafsi iko mbele kotekote, tofauti ni mahali pa wakati. Tamati -a isikudanganye, ni sadfa tu. Kicherokee ni cha familia ya lugha za Kiirokwoi, pamoja na Kimohawk na Kiseneca, na hakina udugu wowote na Kibantu. Tena -a yetu haina habari kubwa ya wakati, maana tunayo katika nilikwenda, ninakwenda na nitakwenda vilevile. Ya kwao, kwenye vitenzi vya kawaida, inakaa juu ya shina la sasa na kusema: sasa hivi.

Ninaposema sasa hivi, namaanisha hivyo hasa, na hapa nataka tukae kidogo.

Mtu akikwambia kwa Kiswahili "Juma anakunywa kahawa", kuna mambo mawili anayoweza kuwa anasema. La kwanza, Juma yuko mezani na kikombe kiko mkononi. La pili, Juma ni mnywaji wa kahawa, ukimtembelea usimpe chai. Kiambishi -na- kinabeba yote mawili, nasi tunaelewana kwa muktadha. Tukitaka kulitenga lile la pili tunayo hu-: "Juma hunywa kahawa". Sasa chukua ile tofauti kati ya -na- na hu-, iondolee ulegevu wote, na hapo umefika Kicherokee. Aditasga ni anakunywa, yaani mdomo uko kwenye kikombe. Aditasgo'i ni hunywa, ndiyo desturi yake. Hakuna neno moja la kufunika yote mawili. Kadhalika gega ni ninakwenda, niko njiani, lakini gego'i ni mimi huenda. Ukimwambia mwalimu wako "gega" ukikusudia kwamba kila Jumapili unakwenda kanisani, atakutazama ajue kwa nini basi bado umekaa kwenye kiti.

Wanafunzi wanaotokea Kiingereza hutaabika sana hapa, wewe usitaabike. Wewe una hu- tangu utotoni. Zingatia jambo moja tu: hu- yetu inameza nafsi, ndiyo maana husema mimi huenda, wewe huenda, wao huenda, na kitenzi hakibadiliki. Kicherokee hakimezi. Ni gego'i, hego'i, ego'i, kila mtu na kiambishi chake. Ile alama ya mkato kabla ya i ni kukatika kwa pumzi kooni, kama ukianza kusema kitu ukakizuia. Wasemaji wengi katika mazungumzo ya haraka hawaifikishi kabisa, wanaishia gego. Hata -a ya mwisho ya wakati uliopo mara nyingi hudondoka mdomoni, ndiyo maana utasikia maneno yaliyoishia kwa ukali kuliko yalivyoandikwa. Hawajakosea, ndivyo watu wasemavyo.

Sasa shina. Hapa ndipo penye kazi ya kweli, na hakuna njia ya mkato.

Kila kitenzi cha Kicherokee kina mashina matano: la tendo linaloendelea sasa, la tendo lisilokamilika (ndilo linalotumika kwa mazoea), la papo hapo (kwa amri na kwa jambo lililotokea punde), la tendo lililokamilika, na la kitenzi-jina. Kwa swali lako yanatuhusu mawili ya kwanza tu. Lakini uhusiano kati ya hayo mawili haufanani kwa vitenzi vyote. Umeona kwamba ega na ego'i wana -g- ileile. Aditasga na aditasgo'i wana -sg- ileile. Adasdayvhvsga, anapika, inakwenda adasdayvhvsgo'i bila taabu (hiyo v ni irabu, siyo konsonanti, itamke kwa puani huku mdomo umelegea). Ukiona mifano mitatu kama hii utadhani umepata kanuni: toa -a, weka -o'i. Kisha unakutana na gawoniha, anazungumza. Mazoea yake si "gawoniho'i". Ni gawonisgo'i. Ile -h- ya sasa imeondoka na -sg- imeingia. Unakutana na adawo'a, anaogelea au anaoga, na mazoea yake ni adawosgo'i. Kumbe shina la sasa linaweza kuishia -g-, -sg-, -h-, au pale pumzi inapokatika, na ukiona la mazoea pekee huwezi kubahatisha la sasa ni lipi.

Hivyo ndivyo ninavyomaanisha ninaposema "-na-" yao haipo. Wao wana umbo la sasa la kila kitenzi, lenye mkia wake: -ga, -ha, -sga, -'a. Mikia hiyo inajirudia, na baada ya vitenzi thelathini hivi sikio linaanza kukisia vizuri. Lakini kwa kuanzia kila kitenzi kishike kwa jozi: gawoniha na gawonisgo'i, kama mgeni anayejifunza Kiswahili anavyoshika mtu na watu, jicho na macho, ukuta na kuta. Mgeni huyo hatuulizi kwa nini, anashika jozi, na siku moja ngeli zinamkalia zenyewe.

Tuje kwenye swali lako la pili, g- ya gega na ga- ya gawoniha.

Viambishi vya nafsi vya Kicherokee vina sura mbili kulingana na kinachofuata. Mzizi ukianza na irabu, "mimi" ni g-. Mzizi ukianza na konsonanti, "mimi" ni tsi-. Na hili nalo lisikushangaze: kwetu ki- ya kitabu changu inageuka ch- ya chakula changu kwa sababu hiyohiyo ya irabu, mu- inakuwa mw-, vi- inakuwa vy-. Basi -e- ya kwenda ni irabu, kwa hiyo gega. Mzizi wa kuzungumza ni -woni-, unaanza na konsonanti, kwa hiyo "ninazungumza" ni tsiwoniha, ᏥᏬᏂᎭ. Huko Oklahoma wengi huitamka hiyo ts- kama j yetu ya "jiwe", na baadhi ya walimu huiandika hivyo, jiwoniha. Ni neno lilelile.

Nafsi ya pili ni h- au hi-: hega, hiwoniha. Ya tatu ndiyo iliyokupoteza. Mbele ya konsonanti "yeye" huwa a- kwa vitenzi fulani na ga- kwa vingine. Mzizi wa kuzungumza umechagua ga-. Kwa hiyo gawoniha ni ga-woni-h-a, yeye. Wakati huohuo kuna mizizi inayoanza na a, kama ya kunywa, na mbele yake "mimi" ni g-. Kwa hiyo gaditasga ni g-adita-sg-a, mimi. Yaandike moja juu ya jingine:

gawoniha, anazungumza
gaditasga, ninakunywa

Yote mawili yanaanza na ga, alama ileile Ꭶ. Katika la kwanza a ni ya kiambishi. Katika la pili a ni ya mzizi. Huwezi kujua kwa kulitazama neno moja peke yake, lazima ujue ndugu yake. Ndugu wa gawoniha ni tsiwoniha, na ndugu wa gaditasga ni aditasga. Ndiyo sababu Durbin Feeling, mwanaisimu Mcherokee ambaye kamusi yake ilitoka 1975, alikiorodhesha kila kitenzi chini ya nafsi ya tatu ya wakati uliopo, na papo hapo chini yake akaweka nafsi ya kwanza ya wakati uliopo, kabla ya kwenda kwenye maumbo mengine. Wanafunzi wengi huruka ule mstari wa pili wakiona ni marudio. Ule mstari ndio ufunguo. Unakuambia mzizi unaanza na nini, na mara nyingine unakuambia zaidi ya hapo: kuna vitenzi ambavyo h iliyo ndani ya mzizi husikika nafsi ikiwa "yeye" lakini hubadilika kuwa mkato wa pumzi nafsi ikiwa "mimi". Hutaijua hiyo kwa kukisia.

Na tahadhari moja ya Mswahili kwa Mswahili. "Wao" ni ani- mbele ya konsonanti na an- mbele ya irabu. Aniwoniha, wanazungumza. Anega, wanakwenda. Anaditasga, wanakunywa. Hilo la mwisho ukilisikia ghafla sikio lako litakwambia "ana-", yeye, mmoja. Ni wengi. Hapo an- ni wao, na a inayofuata ni ya mzizi. Mimi ilinichukua muda mrefu sikio langu kuacha kunisaliti katika hilo.

Kuhusu "sisi" siwezi kupita haraka, kwa sababu ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika lugha hii. Fikiria umesimama mlangoni mwa nyumba ya rafiki, naye anavaa viatu, anasema: "Tunakwenda sokoni." Je, umealikwa? Kiswahili hakijasema. Utasubiri aongeze "haya, twende", au utajikohoza ili akumbuke kwamba upo. Kicherokee hakimwachi mtu mlangoni namna hiyo. Inega: tunakwenda, mimi na wewe, wawili tu. Osdega: tunakwenda, mimi na mwenzangu mmoja, bila wewe. Idega: tunakwenda, watatu au zaidi, nawe umo. Otsega: tunakwenda sisi wengi, bila wewe. "Ninyi" nako ni kuwili: sdega kwa wawili, itsega kwa watatu na kuendelea. Kwa mzizi wa konsonanti ongeza i mwishoni mwa kila kiambishi: iniwoniha, osdiwoniha, idiwoniha, otsiwoniha, sdiwoniha, itsiwoniha. Kwa hiyo wakati uliopo una nafsi kumi pale ambapo sisi tuna sita, na msemaji hawezi kufungua kinywa kusema "sisi" kabla hajaamua kama anayemsikiliza yumo au hayumo.

Sasa kahawa. Neno lenyewe kwa Kicherokee ni kawi, utalikumbuka. "Nataka kahawa" ni kawi agwaduliha, ᎧᏫ ᎠᏆᏚᎵᎭ, na kwa kifupi agwaduli. Una haki ya kuuliza g- imekwenda wapi.

Kicherokee kina seti mbili za viambishi vya nafsi. Ile tuliyoizungumzia hadi sasa, tsi-/g-, hi-/h-, a-/ga-, wataalamu huiita seti A. Seti B ni agi- au agw- kwa mimi, tsa- au ts- kwa wewe, u- au uw- kwa yeye, uni- au un- kwa wao. Kitenzi ndicho kinachochagua seti yake katika wakati uliopo, wewe huchagui. Kutaka kumechagua B: agwaduliha, nataka; tsaduliha, unataka; uduliha, anataka; unaduliha, wanataka. Mzizi unaanza na a, lakini katika uduliha imemezwa na u-, huioni mpaka urudi kwenye umbo la "mimi". Kwa mara nyingine ule mstari wa pili wa kamusi unakuokoa.

Je, kuna mantiki ya kujua kitenzi kipi kinachukua B? Ipo kidogo, ya kukusaidia kukumbuka, siyo ya kukupa uhakika. Vitenzi vingi vya B katika wakati uliopo ni vya mambo yanayompata mtu kuliko anayoyafanya. Agiyosiha, nina njaa. Uyosiha, ana njaa. Agitlvga, naumwa. Utlvga, anaumwa. Na hapa Kiswahili kinakusaidia tena, maana nasi tunasema "njaa inaniuma", "usingizi umenishika", "homa imenipata". Mtu amekaa mahali pa mtendwa, na tendo linamjia kutoka nje. Hisia iliyo katika ile -ni- ya "inaniuma" ndiyo iliyo katika agi-. Tena si hisia tu. Chukua kitenzi cha kuona: tsigowatiha ni naiona, agowatiha ni anaiona, lakini agigowatiha ni ananiona. Ile agi- ya mwenye njaa ndiyo ileile ya mtu anayeonwa na mwingine. Nilipoona hivyo mara ya kwanza niliacha kuiogopa seti B.

Lakini usiifanye sheria. Kuna vitenzi vya B visivyo na dalili yoyote ya kumpata mtu, na vitenzi vingi vya A huhamia seti B vinapokwenda kwenye wakati uliopita uliokamilika. Gawoniha, anazungumza, ni A; uwonisv'i, alizungumza, ni B. Kwa hiyo ukisikia u- mwanzoni, usikimbilie kusema hiki ni kitenzi cha B. Sikiliza mkia kwanza. Mkia ukiwa wa sasa na mwanzo ni u-, hapo ndipo unaweza kusema kwa uhakika.

Na wakiwepo wawili, mtendaji na mtendwa, ambao ni mimi na wewe? Kwetu ni-na-ku-ona, kila mmoja na kiambishi chake, unaweza kuwahesabu. Kicherokee huwayeyusha wote wawili ndani ya kiambishi kimoja: gvgowatiha, nakuona. Hiyo gv- ni "mimi kwako", na huwezi kuipasua ukatoa mimi upande huu na wewe upande ule. "Wewe kwangu" ni sgi-. Viko vingi vya namna hiyo, kwa sasa shika hivyo viwili kwa sababu ndivyo utakavyovitumia darasani kila jioni.

Kukanusha ni kwepesi kwako. Huwekwa tla mwanzoni, kisha kitenzi kinapewa y- au yi- mbele ya nafsi. Goliga ni naelewa. Tla yigoliga, sielewi. Tla yagwaduliha, sitaki. Ukanusho umewekwa mahali pawili, kama sisi tunavyobadilisha mwanzo na mwisho katika "sitaki": si- mbele, -i nyuma. Kuuliza nako, -s au -sgo hubandikwa kwenye neno la kwanza: Hegas? Unakwenda? Holigas? Unaelewa? Kawisgo tsaduli? Unataka kahawa?

Kitu ambacho Kiswahili hakitakusaidia ni toni. Kicherokee kina toni na kina irabu fupi na ndefu, na maandishi ya Sequoyah hayaonyeshi chochote kati ya hivyo, wala herufi za Kilatini nilizotumia hapa. Irabu tano za a, e, i, o, u utazitamka vizuri siku ya kwanza, pengine vizuri kuliko wenzako wote darasani, na sifa hizo zinaweza kukulewesha usahau kusikiliza kupanda na kushuka kwa sauti. Kila jozi unayoiandika iombe kwa mdomo wa msemaji, umwache aseme mara mbili, kisha urudie wewe. Huko uliko unayo bahati hiyo. Mnamo 2019 baraza la pamoja la mataifa matatu ya Wacherokee, mawili yenye makao Tahlequah na moja la Carolina Kaskazini, lilitangaza hali ya dharura ya lugha yao, likitaja wasemaji wapatao 2,100 waliobaki. Wengi wao ni wazee. Kutoka Tulsa hadi Tahlequah ni mwendo wa kama saa moja na robo kwa gari, na majina ya mitaa huko yameandikwa kwa alama za Sequoyah.

Kwa hiyo badilisha daftari lako. Badala ya mstari mmoja kwa kila kitenzi weka mitatu: yeye sasa, mimi sasa, yeye kwa mazoea. Aditasga, gaditasga, aditasgo'i. Gawoniha, tsiwoniha, gawonisgo'i. Uyosiha, agiyosiha, kisha nafasi ya tatu iache wazi. Jioni ya darasa mwulize mwalimu mtu ambaye huona njaa kila siku saa hiyohiyo anasemwaje, na uandike kile utakachokisikia.